Kulwa, Kurwa na herufi moja niliyoibadili

Siku za mbalamwezi sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, panapoa. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishakuwa mpevu taa za wavuvi hazina mvuto tena. Mitumbwi inafungwa, vichanja vinabaki vitupu, na akina mama wa dagaa wanapata muda wa mambo yaliyokuwa yanangoja: kusuka nywele, kupeleka mtoto kliniki, kukaa kikao cha chama. Ndiyo maana shangazi yangu hunipigia simu mwezi ukiwa mkubwa. Kwenye giza hana habari na mtu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kesho uje na hiyo laptopu yako. Watu wangu wamezaana kwenye orodha."

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Wanachama anawajua kwa sura, kwa sauti, na kwa namna kila mmoja anavyolipa: nani analeta noti zilizofungwa kwenye pindo la khanga, nani anatuma kwa simu na kila mara anasahau ya kutolea. Hawafiki 200. Lakini orodha aliyopewa ilikuwa na majina 231, na gawio la mwisho wa mwaka lilikuwa wiki mbili mbele. Kwa hiyo kuna watu walikuwa wamepasuka katikati: hisa zao nyingine ziko kwenye jina moja, nyingine kwenye jina jingine ambalo ni lilelile.

Chanzo hakikujificha. Orodha ilipitia mikono ya makarani watatu. Wa kwanza aliandika kwenye simu. Wa pili aliandika steshenari, kwa kompyuta yenye programu inayojifanya inajua kuandika kuliko wewe. Wa tatu alitoka upande wa Mara, r yake imenyooka, na kila aliposikia mama wa Kisukuma akijitaja kwa l aliona amsaidie, akaandika r. Kisukuma cha wazee hakina r. Kina l tu, na l hiyo inafanya kazi za wote wawili. Basi Masalu akawa pia Masaru, Kulwa akawa pia Kurwa, na Ng'wandu akapata sura nne kwa sababu ya kile kialama cha juu ambacho vitabu vya sarufi vinakiita ritifaa.

Kabla sijasema nilichofanya vizuri, niseme nilichoharibu. Nilifungua faili kwenye Excel, nikaamuru ritifaa zote zifutwe, kisha kila r igeuzwe l. Ilichukua muda wa kumeza funda moja la chai. Majina yakapungua, nikajiona fundi, nikahifadhi, nikafunga. Nikamgeuzia shangazi kioo.

Alisoma taratibu, kidole kikishuka. Kikasimama.

"Huyu Malia ni nani?"

Alikuwa Maria. Na chini yake kulikuwa na Malitha, na Muhalami, na Ng'wandu mmoja aliyebaki Ngwandu, jina ambalo kwa sikio la Msukuma si jina. Ramadhani alinusurika kwa sababu r yake ilikuwa kubwa na mimi niliamuru ndogo tu. Shangazi hakunigombeza. Alifungua kaunta buku lake la zamani, lile la karatasi, akaliweka mezani kati yetu bila kusema neno, na hilo lilinikata zaidi.

Bahati faili la mwanzo lilikuwa bado kwenye flashi.

Niliporudi nyumbani Nyegezi ile Malia ilikataa kunitoka. Ritifaa kwenye ng' si pambo, ni kipande cha herufi. Ng'ombe na ngoma haziingii kinywani kwa mlango mmoja. Ukisafiri kwenda Kwimba utafika Ngudu, na g utaisikia wazi; lakini wazee wa Kisukuma wanauita mji wetu Ng'wanza, na hapo g huisikii kabisa. Mimi nilikuwa nimefuta tofauti hiyo kwa kubonyeza mara moja, na mashine haikuniuliza chochote. Haikuwa na sababu ya kuuliza. Nilikuwa nimeipa amri, na amri haina kumbukumbu ya kilichokuwepo.

Ndipo nikakumbuka Prolog.

Niliisoma chuoni kwa muhula mmoja, darasa lote tukiwa tunaiona kama adhabu. Lugha nyingine za kompyuta unaziambia fanya hiki, halafu kile. Prolog unaiambia mambo yaliyo kweli, kisha unaiuliza swali, nayo inatafuta. Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na fikra zake za kimantiki zinadaiwa sana na Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Jina ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, programmation en logique. Kilichonivutia safari hii ni kwamba Colmerauer hakuwa anatafuta lugha ya kupigia hesabu za benki. Alikuwa anataka kompyuta ielewe sentensi za Kifaransa. Kwa hiyo kazi ya kuchezea herufi na maneno imo kwenye damu yake. Ninayotumia inaitwa SWI-Prolog, ilianzishwa na Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987, na ni ya bure. Unachogharamia ni bando tu.

Nikaanza na jambo dogo. Nikamwandikisha mwanachama mmoja, halafu wa pili, kisha nikauliza kama Masanja yumo:

?- mwanachama(Masanja).

Ikanijibu kwa furaha kuwa Masanja ni Ng'wandu.

Nilicheka peke yangu. Kwenye Prolog neno linaloanza na herufi kubwa si jina la mtu, ni kibadilika, yaani debe tupu linalongoja kujazwa. Nilikuwa nimeuliza "kuna mwanachama yeyote?", ikanipa wa kwanza iliyemkuta. Ukitaka herufi kubwa ibaki herufi kubwa, unalifunga jina ndani ya alama za nukuu, 'Masanja'. Na hapo ukikutana na Ng'wandu una kesi nyingine, maana alama ya kufungia jina ndiyo hiyohiyo ritifaa. Inabidi uiandike mara mbili: 'Ng''wandu'. Lugha iliyoundwa Ufaransa ikanilazimisha kuiheshimu ritifaa ya Kisukuma mara mbili zaidi ya karani yeyote wa Kirumba.

Sasa kubadili herufi. Prolog hailioni jina kama kamba moja unayoikata kwa mkasi. Unaligeuza kwanza kuwa orodha ya herufi, kwa amri iitwayo atom_chars, kisha unasema ukweli kuhusu orodha mbili, ya kabla na ya baada:

badili(_, _, [], []).
badili(X, Y, [X|M], [Y|N]) :- badili(X, Y, M, N).
badili(X, Y, [H|M], [H|N]) :- badili(X, Y, M, N).

Soma hivi. Orodha tupu ikibadiliwa inabaki tupu. Kama herufi ya mbele ni X, upande wa pili iwe Y, kisha endelea na mkia. Vinginevyo herufi ya mbele ibaki ilivyo, endelea na mkia. Nikaijaribu kwa neno lulu, l iwe r. Jibu la kwanza: ruru. Safi kabisa. Ila ukibonyeza nukta-mkato Prolog inatafuta jibu jingine, na mimi nina mkono usiotulia. Nikabonyeza. Rulu. Nikabonyeza. Luru. Nikabonyeza tena. Lulu, kama ilivyoanza, haijaguswa.

Kosa ni langu na ni kosa la kila anayeanza. Mstari wa tatu niliusoma kichwani "vinginevyo", lakini hakuna mahali nilipoandika vinginevyo. Kwa Prolog ile mistari yote mitatu ni kweli kwa wakati mmoja, kwa hiyo l inaweza kubadilika na inaweza pia kubaki. Dawa ni kuongeza sharti kwenye ule wa tatu:

badili(X, Y, [H|M], [H|N]) :- dif(H, X), badili(X, Y, M, N).

Hapo dif inasema H na X wasiwe kitu kimoja. Jibu likawa moja tu, ruru, basi. Wapo wanaotumia mkato, alama ya mshangao inayoizuia Prolog isirudi nyuma kutafuta njia nyingine, na inafanya kazi, lakini mkato una tabia ya kuziba na njia utakazozihitaji kesho. Na mimi niliihitaji njia hiyo dakika kumi baadaye, maana nilifanya kitu ambacho Excel haina hata pa kukiandikia. Niliuliza kinyumenyume. Nikampa jibu, nikamwomba swali:

?- badili(l, r, Kabla, [r,u,r,u]).

Kwamba kama baada ya kubadili tumepata ruru, kabla ilikuwa nini? Ikanipa manne: lulu, luru, rulu, ruru. Programu ilikuwa sahihi sasa, sharti limo, na bado majibu ni manne, kwa sababu ukiiona r kwenye jina lililokwisha kubadiliwa huwezi kujua kama ilizaliwa r au iligeuzwa. Jina lenye r nne lina mababu 16 wanaowezekana. Nilikaa nikiitazama ile skrini, umeme umekatika, laptopu inakula chaji ya mwisho, vyura wa Nyegezi wanapiga kelele utadhani wameitiwa kikao. Hicho ndicho nilichokuwa nimemfanyia shangazi mchana kutwa. Malia angeweza kuwa Malia au Maria, na kilichokuwa kinajua jibu ni kaunta buku peke yake.

Asubuhi nikaanza na ritifaa, maana ile ina jibu. Kwa macho zote ni kialama kimoja. Kwa kompyuta kila herufi ina namba yake, na nilipoziuliza namba nikakuta ritifaa ya kawaida, ya 39; ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia hupenda kuiingiza bila kukuomba ruhusa, 8217; pacha wake anayepinda upande wa pili, 8216; na kile kialama kilicholala kwenye kona ya kibodi karibu na namba moja, 96, ambacho karani wa simu alikipenda sijui kwa nini. Ipo na ya 700, iliyotengwa rasmi kwa kazi ya kuwa herufi ndani ya neno, na kwa haki ndiyo ingefaa Ng'wandu. Niliiacha. Printa ya steshenari iliitoa kama kijisanduku kitupu, na mama aliyelipa hisa zake kwa jasho hawezi kupewa kisanduku katikati ya jina.

Nikachagua 39 iwe ya wote. Ila sikutaka kurudia ujinga wa kugeuza kila kitu, maana karani wa pili alikuwa akiandika majina ya utani ndani ya alama za nukuu, na zile nazo zingekumbwa. Nikaweka sharti la jirani: alama iguswe tu ikiwa imetanguliwa na g.

ritifaa(C) :- char_code(C, N), memberchk(N, [39, 96, 180, 700, 8216, 8217]).

safisha([], []).
safisha([g,K|M], [g,''''|N]) :- ritifaa(K), !, safisha(M, N).
safisha([H|M], [H|N]) :- safisha(M, N).

Kwenye Kisukuma na Kiswahili neno haliishii na g, kwa hiyo g ikifuatiwa na alama, hiyo ni ng' na haina mjadala. Ndiyo, nimetumia mkato. Hapa sikuwa na mpango wa kurudi nyuma. Zile ritifaa nne zinazofuatana kwenye mstari wa katikati si kuteleza kwa kidole: mbili za nje zinafunga, mbili za ndani ni ritifaa moja iliyoandikwa mara mbili. Kina Ng'wandu wakakusanyika. Aliyebaki nje ni yule Ngwandu asiye na alama kabisa, na huyo sikumgusa. Nilimwandika pembeni aulizwe.

Zikabaki l na r.

Hapa ndipo lile kosa langu la mwanzo, la majibu manne ya lulu, lilipogeuka kuwa mali. Sikutaka tena kubadili chochote. Nilitaka kuuliza: ni majina gani mawili kwenye orodha yanayoweza kuwa ya mtu mmoja kama l na r zingekuwa kitu kimoja?

sawa(l, r).
sawa(r, l).
sawa(H, H).

wanafanana(A, B) :-
    mwanachama(A), mwanachama(B), A @< B,
    atom_chars(A, X), atom_chars(B, Y),
    maplist(sawa, X, Y).

Maplist inapita kwenye orodha mbili bega kwa bega, herufi kwa herufi, ikihakikisha kila pea inakubaliana. Ile A @< B inataka jina la kwanza litangulie la pili kialfabeti. Niliisahau mara ya kwanza, Prolog ikaniambia kwa uhakika mkubwa kwamba Ng'wandu anafanana na Ng'wandu. Nikaongeza na sawa za herufi kubwa, kwa ajili ya kina Lusia na Rusia. Hakuna jina lililobadilishwa. Maria akabaki Maria. Nikapata pea 19, nikazichapa kwenye karatasi moja, nikapanda daladala.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye gunia tupu, miguu imenyooshwa. Nilimsomea. Zilikwenda haraka. "Masalu na Masaru, huyo mmoja, anakaa Igombe." "Hao ni mtu na mama mkwe wake, waache." "Mmoja." "Mmoja." "Huyo wa pili alifariki, Mungu amrehemu, hisa alichukua mwanawe." Yule Ngwandu naye alitatuliwa kwa sekunde mbili: ni Ng'wandu, karani alikuwa na haraka. Mpaka tulipofika pea ya 14.

"Kulwa na Kurwa," nikasema. Jina la baba lilikuwa moja pia, nami silitaji hapa. "Huyu ni mmoja, si ndiyo shangazi? Sisi tunasema Kulwa, watu wa pwani wanasema Kurwa."

Kwenye lile faili langu la kwanza walikuwa wameshaunganishwa. Hisa zao zilijumlishwa kwenye mstari mmoja, na kama Maria asingegeuka Malia hakuna ambaye angegundua kabla ya siku ya gawio.

Shangazi alichukua muda. Alikuwa anatazama majini, ambako mtumbwi mmoja ulikuwa unapakwa lami tumbo likiwa juu.

"Doto wake yuko wapi?" akauliza.

"Wa nani?"

"Wa huyo unayemsema."

Sikuwa na jibu. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikila sato kwa uma. Kulwa hazaliwi peke yake, akasema, ni pacha wa Doto. Yupo Kulwa ambaye Doto wake yuko Kome, anavusha dagaa kila giza. Na yupo Kulwa ambaye Doto wake alifia utotoni, huyo ndiye anayeuza karibu na geti. Wawili hao baba zao wameitana jina tu, hawana undugu. Yupi kati yao ameandikwa kwa r?

Kaunta buku halikusema. Tulimpigia simu yule wa getini, akaja kwa miguu na kanga ya pili begani, akatazama michango ya kila mstari, akatambua wake kwa mwezi mmoja aliokosa kulipa, mwezi aliouguza. Alikuwa ndiye Kurwa.

"Tukuandike Kulwa?" nikamuuliza.

"Kadi yangu ya kura imeandikwa hivyohivyo," akasema. "Iache."

Nikaiacha. Nilipofika nyumbani niliongeza safu moja kwenye orodha, baada ya jina na namba ya simu, na kwenye faili la Prolog nikaandika mistari miwili mipya, pacha ya huyu na pacha ya yule. Wa pili sikujua niandike nini mahali pa Doto. Nikaweka alama ya mstari wa chini, ile ambayo Prolog huisoma kuwa yeyote, jina halitajwi.